Nyonga ya Jemedari

Siku Jemedari alipotangaza vita na sufuria, jiko zima lilidhani anatania. Alisimama mbele ya sufuria ya maharage, ile kubwa ambayo ili uioshe lazima uingie nusu mwili, akadondosha mchuzi kidogo kiganjani, akaulamba, kisha akautema kwenye sinki.

"Chuma," alisema. "Maharage yana ladha ya chuma. Hizi sufuria nani kazinunua?"

Wapishi walitazamana. Sufuria alizinunua yeye mwenyewe. Alizigonga moja moja dukani mpaka mwenye duka akakosa chakula cha mchana, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumkumbusha. Msaidizi wake, mwanamke mwembamba waliyemwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona amezimwa, alichota kijiko, akaonja, akaonja tena.

"Jemedari, mbona mimi naona ni maharage tu?"

"Wewe ulimi wako umechoka kwa kusema. Hauna nafasi ya kuonja."

Walicheka, naye akacheka, lakini sufuria aliikata jicho.

Hilo lilikuwa jiko la chuo cha ualimu, chuo cha bweni, mamia ya vijana wenye njaa ya kudumu. Mama huyu alikuwa mpishi mkuu tangu jiko likiwa la kuni. Jina walimpa wanachuo wa zamani, wale aliowapanga foleni kwa mwiko mpaka wakajua adabu, na wengi wao sasa walikuwa walimu wakuu wenye vitambi. Jikoni mwake palikuwa na sheria moja tu: sufuria haitoki motoni mpaka yeye aonje kwa kiganja na kusema, "Shusha!" Hata kama mkuu wa chuo ana wageni wa wizarani na saa imepita, kama Jemedari hajasema "Shusha," wageni watakunywa maji. Watu walinung'unika, halafu wakala, halafu wakasahau kwamba walinung'unika.

Basi alianza kupambana na chuma hicho. Sufuria zilisuguliwa kwa majivu, zikasuguliwa kwa mchanga, zikachemshiwa siki mpaka jiko likanuka kama kiwanda. Chuma kikabaki. Akapiga marufuku miiko ya bati, ikabaki ya mbao peke yake. Chuma kikabaki. Mwishowe aliamuru sufuria zote zitolewe nje zikapangwe ukutani kama washtakiwa, akaazima nyingine kwenye shule ya jirani, akapika wali, akaonja. Chuma. Kilikuwa hata kwenye chai. Kilikuwa hata kwenye maji ya bomba, na hata asubuhi, kabla hajatia chochote mdomoni.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpishi yeyote mkongwe angelifanya. Ladha mbaya aliamua kuizika kwa chumvi. Aliongeza kidogo, akaonja, akaongeza. Redio alifungua mdomo, akatazamwa, akaufunga, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Shusha!" akasema Jemedari, na chakula kikaenda.

Mchana huo wanachuo walitoka bwalo zima na sahani zao, wakazipanga mlangoni kwa mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo, mtu mpole aliyezoea kuomba radhi hata kwa milango, alichota kijiko kimoja cha mboga, akakitafuna, akaomba maji. Kisha akamwita Jemedari ofisini.

"Mama, umetutumikia sana," alianza.

"Nini?"

"Nasema, umetutumikia sana."

"Sema kwa sauti, baba, siku hizi watu wote mnaongea kama mna siri."

Mkuu wa chuo alitazama kikombe cha chai mkononi mwa Jemedari. Kikombe kilikuwa kinagonga sahani yake, ti-ti-ti-ti, na mwenye mkono alikuwa hana habari. "Pumzika mwezi mmoja," alisema, safari hii kwa sauti ya gwaride. "Halafu tutazungumza."

Kila mfanyakazi wa chuo kile alijua maana ya tutazungumza. Mtunza bustani alizungumziwa mwaka uliopita, na sasa alikuwa kwao anafuga kuku.

Tuseme ukweli: Jemedari aliogopa. Si chumvi tu. Wiki chache kabla ya hapo alikuwa ameingia stoo kuchukua mchele, akasimama katikati ya magunia, akasahau alichofuata. Hilo humpata kila mtu. Lakini alipogeuka ili atoke hakujua mlango uko upande gani, katika stoo aliyoingia maelfu ya mara. Alisimama pale, moyo unamwenda mbio, masikio yanavuma, mpaka Redio alipokuja anaongea peke yake, naye akaifuata ile sauti akatoka. Hakumwambia mtu. Lakini alikuwa anajijua. Magoti yake yalikuwa yamezeeka, macho yake yalikuwa yamezeeka, na vyote vilizeeka taratibu na kwa adabu. Hiki kilikuja kwa kishindo. Kilikuwa kitu kingine, na yeyote aliyemwambia ni umri alitaka kumpiga kofi.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa fundi wa friji, mtu mzima mwenye mke na watoto, kijana mwema kabisa, na wema wake ndio uliokuwa tatizo.

"Mama, umri umekwenda," alisema, ameshika begi lake. Alikuwa amekuja kumchukua akakae kwake.

"Umekwenda wapi? Mimi niko hapa hapa."

"Chumba tumeshakipaka rangi. Utapumzika, utacheza na wajukuu."

"Nani kakwambia nataka kucheza?"

Alikwenda, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya chuo na ufunguo ulikuwa umeshaulizwa. Huko alikuta kila kitu kizuri: kitanda kizuri, shuka nzuri, mkwe mwenye heshima anayemsemesha polepole kwa kuvuta maneno, kama vile anamfundisha kusoma. Siku ya tatu aliamka mapema akachemshe chai. Hakukuta kiberiti. Alitafuta kabatini, akatafuta juu ya friji, akatafuta nyuma ya makopo. Mkwe alipoingia, akasimama na kutazama chini, Jemedari akaelewa. Kiberiti kilikuwa kimefichwa. Walimfichia yeye kiberiti, yeye aliyewasha moto wa mamia ya watu kila siku ya Mungu kabla jogoo hajakohoa.

Hakupiga kelele. Alirudi chumbani kwenye rangi yao mpya, akaketi kitandani, akalia kwa hasira mpaka kamasi zikamtoka. Mwanawe aliporudi kazini alimkuta amevaa viatu.

"Nipeleke hospitali."

"Mama, daktari wa zahanati si alishasema presha iko sawa, ni—"

"Ukisema umri tena nitakuonyesha umri. Masikio yangu yanavuma. Nipeleke kwa mtu wa masikio."

Mtu wa masikio alikuwa binti mdogo, mdogo hivi kwamba Jemedari alimuuliza daktari yuko wapi. Binti alicheka, akamvalisha vile vya masikioni, akambonyezea milio, akatazama karatasi yake, na kicheko kikaisha.

"Masikio yameshuka, mama, na yameshuka haraka. Kuna kingine?"

Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo kwa miezi. Jemedari akamwaga yote: ladha mdomoni, mkono unaotetemeka, ganzi ya vidole vya miguu, hata stoo. Ndiyo, hata stoo, mbele ya mwanawe, ambaye alikuwa hajui. Binti daktari aliandika, kisha akaacha kuandika.

"Mama, mwilini mwako kuna chuma chochote? Uliwahi kuwekewa kitu?"

"Chuma? Mimi? Mwanangu, mimi siyo bati."

"Hakuna kabisa?"

"Nimekwambia hakuna."

Wakaagana. Walikuwa wameshafika mlangoni wakati mwanawe aliposimama. "Mama. Na ile nyonga?"

Jemedari alimtazama kana kwamba amemtukana. Nyonga! Nyonga haikuwa chuma, nyonga ilikuwa yake. Miaka kumi na kitu iliyopita aliingia hospitali hii hii kwa mikongojo miwili, anasaga meno kwa maumivu, na daktari bingwa wa mifupa akamtoa ile iliyooza akamwekea mpya. Alitoka anatembea. Alicheza kwenye korido mpaka wauguzi wakapiga makofi, na tangu siku hiyo haikuwahi kumuuma hata mara moja. Kila mwisho wa mwaka alimwokea yule bingwa keki na kumpelekea kwa mkono wake. Kwa maisha yake yote mapya alikuwa amesahau kabisa kwamba ilikuwa kitu cha kuwekewa.

"Hiyo haina neno," alisema. "Hiyo ndiyo nzuri kuliko vyote nilivyo navyo."

Lakini binti daktari alikuwa ameshasimama. "Kaeni," alisema. "Tafadhali, kaeni tena."

Bingwa wa mifupa aliwapokea kwa furaha, mvi zimemjaa, miwani puani. Alipiga picha ya nyonga, akaitundika kwenye mwanga, akaisifu kama mtu anayesifu nyumba aliyoijenga. "Tazama ilivyokaa! Haijacheza hata unywele. Mama, hii nyonga itakuzika."

"Nimewaambia mimi," alisema Jemedari, akamgeukia mwanawe kwa ushindi. Alitaka sana daktari yule awe sahihi. Mtu aliyekurudishia miguu humpendi nusu.

Binti daktari, aliyekuwa amewasindikiza, hakuondoka. Alisema taratibu kwamba picha inaonyesha mfupa, haionyeshi damu. Aliomba damu ipimwe. Bingwa alisita kidogo, kisha akakubali, na damu ikapelekwa maabara ya mbali, maana hapa hapakuwa na mashine ya kupima madini.

Majibu yalichukua wiki nyingi. Wiki hizo Jemedari alizikaa kwenye kile chumba cha rangi mpya, bila kiberiti, bila jiko, akisikiliza mvumo wa masikio yake. Redio alikuja mara kwa mara na habari za chuo. Sufuria zilikuwa zimerudishwa jikoni, na siku hizi anayesema "Shusha" alikuwa yeye, lakini alisema akilisema neno hilo anaona haya.

Siku ya majibu, bingwa wa mifupa alisoma karatasi akiwa amesimama. Kisha akaketi. Kisha akavua miwani.

"Kobalti na kromiamu," alisema. "Ni madini yaliyomo kwenye nyonga yako. Kwenye damu yamezidi. Yamezidi mno."

Akaeleza, na kwa mara ya kwanza akaeleza bila kusifu. Nyonga ile ina tufe la chuma linalozunguka ndani ya kikombe cha chuma. Kila hatua vinasuguana. Miaka inapokwenda, unga mwembamba usioonekana hutoka pale na kuingia kwenye damu, ukafika masikioni, ukafika kwenye mishipa ya fahamu, ukafika kwenye akili, na usipozuiwa hufika kwenye moyo. Maumivu si lazima yawepo. Picha inaweza kuwa safi kabisa.

"Kwa hiyo najisaga mwenyewe," alisema Jemedari. "Nikitembea najitwanga."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilizifukuza sufuria kazi!" Alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa hajachanganyikiwa. Mlango wa stoo ulikuwa umefichwa na unga wa chuma. Furaha ilimpanda kichwani hata akasahau kwamba hiyo ni habari mbaya. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti.

"Tutaitoa," alisema bingwa. "Tutaweka nyingine ambayo chuma hakisuguani na chuma. Nataka tuifanye wiki hii, kabla moyo haujaguswa. Akili itarudi, ninaamini. Masikio siwezi kuahidi. Tena, aina hii ya nyonga tuliacha kuitumia zamani."

Jemedari aliacha kucheka. "Mliacha?"

"Ndiyo. Miaka mingi sasa."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na taarifa. Huko nje. Kwamba baadhi..." Hakumaliza.

"Na sisi mliokwisha kutuwekea?"

Bingwa alifuta miwani yake, ingawa ilikuwa safi. "Tulisema mwenye tatizo atarudi."

"Atarudi wapi?" Sauti yake ilisikika mpaka mapokezi. "Mimi nilikuwa na tatizo, Daktari, na sikurudi kwako! Nilikwenda kugombana na sufuria! Aliye na tatizo hili atajuaje kama ni lako? Atasahau, atatetemeka, atakuwa kiziwi, na nyumbani watamwambia ni uzee. Wangapi?"

"Mama..."

"Wangapi uliwawekea hii?"

"Wengi," alisema bingwa.

"Waite."

"Hilo ni jambo la hospitali, mama. Lina taratibu zake. Kuna uongozi, kuna wanasheria, siwezi tu kuinua simu—"

"Na mimi nina taratibu zangu. Hunipasui mpaka uwaite."

Jemedari alikataa katakata kupasuliwa. Bingwa alimbembeleza, binti daktari akambembeleza, akamweleza habari za moyo kwa michoro. Jemedari alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, akachukua mkoba wake, akatoka.

Kwenye gari mwanawe alilipuka. "Mama, hii ni roho yako! Unataka kufa kwa ajili ya watu usiowajua?"

"Sitaki kufa. Nataka wafanye haraka."

"Wao wana ndugu zao! Ndugu zao watawaangalia!"

"Wewe ni ndugu yangu?"

"Mama!"

"Nakuuliza. Wewe unanijua? Umekaa tumboni mwangu, umekula mkononi mwangu. Hakuna anayenijua kama wewe. Na ukanifichia kiberiti."

Mwanawe alipaki pembeni ya barabara. Alikaa ameshika usukani, magari yanampita, na ilikuwa muda mrefu kabla hajaweza kuwasha tena. Hakubishana naye tena siku hiyo wala zilizofuata. Asubuhi yake ni yeye aliyempeleka hospitali, akamshusha mlangoni, akamuuliza atakula nini mchana.

Jemedari alikwenda moja kwa moja kwenye benchi lililo nje ya chumba cha bingwa wa mifupa, akaketi. Redio alikuja zamu yake ilipokwisha, akaketi ubavuni mwake awe masikio yake. Kila aliyepita anachechemea aliulizwa, kwa sauti ambayo Jemedari mwenyewe aliidhani ni ya kunong'ona: "Wewe! Nyonga yako uliwekewa lini? Ni chuma na chuma?" Watu walishtuka. Mmoja alisema yeye amevunjika kidole tu. Muuguzi mkuu alikuja kumwomba aondoke, akaulizwa nyonga yake ni ya lini. Mlinzi alikuja, na kumbe alisoma chuo kile kabla ya kuacha ualimu. Alimwamkia kwa magoti yaliyokunjwa, akarudi getini.

Kila siku alikuja. Kila bingwa alipofungua mlango wake alimkuta, na kila alipoufunga alijua yuko pale. Habari zilizunguka wodini, na wagonjwa wengine wakaanza kumuuliza bingwa maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza. Alianza kupitia mlango wa nyuma. Redio akahamia mlango wa nyuma.

Usidhani ulikuwa mchezo. Kila siku aliyokaa pale ilikuwa inamla. Masikio yalizidi kushuka, hata ikabidi Redio, kwa mara ya kwanza maishani, apunguze maneno na kuyapigia kelele yale ya muhimu tu. Asubuhi moja, kwenye ngazi za kupandia, pumzi ilimwishia Jemedari. Aliketi palepale kwenye ngazi, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi, watu wakimruka. Bingwa wa mifupa alikuwa anapanda nyuma yake. Alimshika mapigo ya moyo, akakaa naye kwenye ngazi, koti lake jeupe vumbini.

"Unanitisha, mama," alimpigia kelele sikioni.

"Vizuri."

"Tuingie leo. Nakuomba."

"Umeshawaita?"

Bingwa alishusha pumzi. Alikuwa mtu mzima, karibu na kustaafu, na sasa uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kukimbia. "Naogopa," alisema. "Umesikia? Naogopa. Wengine nitakuta wameshakufa, na ndugu zao wataniuliza walikufa na nini. Niliwawekea kwa mikono hii. Nilidhani nawaponya."

"Mimi uliniponya," alisema Jemedari. "Nilicheza, hukumbuki? Shukrani yangu siiondoi. Lakini na haya yaliyofuata ni yako pia. Wapigie."

Wakainuka kwa kushikana, haijulikani nani alikuwa anamwinua nani. Bingwa aliingia chumbani kwake na kuuacha mlango wazi, na hakuomba ruhusa kwa uongozi wala kwa mwanasheria. Akavuta simu. Jemedari hakuweza kusikia chochote, kwa hiyo Redio alisimama kizingitini akimtangazia. Huyu namba imekufa. Huyu amehama mji. Huyu amepokea mwenyewe, anasema yuko salama, atakuja apimwe. Huyu mwanawe ndiye aliyepokea. Redio aligeuka. Huyu, Jemedari, tumechelewa. Bingwa alikuwa amefunika macho kwa mkono, simu bado sikioni, anasema pole, anasema pole tena, na anaeleza. Kisha akapiga nyingine. Alipiga mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya siku chache walianza kuja. Benchi lilijaa, viti vikaletwa, watu wakasimama ukutani. Wengi walikuwa hawana neno, walitoa damu na kurudi makwao wakimshukuru Mungu. Lakini wengine uliwajua kabla hawajaketi. Walikuja wameshikwa mkono. Walioambatana nao ndio waliojibu maswali yao, kwa ile sauti ya polepole na ya kuvuta maneno, na Jemedari akiwatazama midomo aliijua sauti hiyo bila kuisikia.

Jemedari alikuwa ameahidi kulazwa akishawaona wamekuja, na siku hiyo ilikuwa imefika. Mwanawe alikuwa amebeba begi lake, daktari wa usingizi alikuwa anamsubiri, na kitanda cha magurudumu kililetwa mpaka mwanzo wa korido. Alikuwa anakiendea kwa miguu yake, maana alisema kukipanda mbele za watu hapandi, wakati mwanamke mmoja alipoingia anamwongoza mumewe. Mzee yule alikuwa mrefu, shati limefungwa vifungo vyote kwa mkono wa mtu mwingine, macho yametulia kwenye sakafu. Mkewe alimketisha kama mtu anayeweka mzigo.

"Ana tatizo gani?" aliuliza binti daktari.

"Hana tatizo, mwanangu, ni uzee tu," alisema mke. "Tumemzoea. Hasumbui. Tumeitwa kwa ajili ya nyonga ndiyo tumekuja, lakini nyonga haimuumi."

"Anaongea?"

"Aliacha. Ana muda mrefu sasa." Mwanamke alitabasamu kwa kuomba radhi. "Zamani alikuwa anasumbua kidogo. Alisema kuna mashine inanguruma kichwani. Kila saa mashine, mashine. Anaamka, anazunguka nyumba anaitafuta akaizime. Nikamwambia, baba, hapa hakuna mashine. Nikawaambia na watoto wamwambie. Tukamwambia hakuna, hakuna, mpaka akanyamaza."

Redio alimpigia Jemedari maneno hayo sikioni, moja moja, mpaka la mwisho. Jemedari alisimama katikati ya korido. Mwanawe alimgusa bega, akamwonyesha kitanda, daktari wa usingizi akatazama saa. Yeye aligeuka akarudi. Alijishusha mbele ya yule mzee, polepole, kwenye nyonga ile ile iliyokuwa inamsaga, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili inayotetemeka.

"Mashine ipo!" alimwambia, na korido nzima ikageuka. "Umesikia, baba? Ipo! Na mimi ninayo!"

Mzee aliinua macho kutoka sakafuni. Alimtazama mama huyu asiyemjua, akatazama midomo yake, akaitazama tena. Kisha mdomo wake mwenyewe ukafunguka, ukatafuta, ukafunga, ukafunguka.

"Inanguruma," alisema.

"Inanguruma sana," alisema Jemedari.

Mkewe alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alimshika mumewe mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, akaanza kumwomba msamaha mbele ya watu wote, naye mzee akaendelea kumtazama Jemedari na kutikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwanawe Jemedari alikuwa amegeukia ukuta.

Jemedari alisimama kwa shida, akakataa mkono wa daktari wa usingizi, akakataa na kitanda.

"Haya," aliwaambia. "Sasa nipasueni."